Mayai ya Ornella

Hii mambo ilimufikia rafiki yangu Bénédicte, kule Shari, wakati vita ilikuwa imetulia kidogo. Kaka yake Prudent alikuwa na kuveze, sanduku ya kuangulisha mayai. Baridi ikiingia, termosta inawasha ampuli, taa zenye kuleta joto; joto ikitosha, inazizima. Ornella, bibi mwenye Prudent alioa, ndiye alikuwa anaichunga.

Siku moja Ornella akacheka mbele ya wageni: «Wifi, kwako hata kuku inakataa kulalia!»

Ile neno ilimuchoma Bénédicte, mwenye hakupata kuzaa. Usiku tatu aligeuza buto ya termosta mupaka chini, asubuhi anairudisha. Siku ya kupasuka ikafika, ikapita. Hakuna hata yai moja ilitoa mutoto.

Prudent akafokea bibi yake: «Ulikuwa unalala tu! Kesho unarudia kwenu Aru!» Kisha: «Dada, enda utupe hii uchafu.»

Bénédicte akatia mayai ndani ya mufuko. Akabeba mufuko mupaka kwenye shimo ya choo ya zamani. Ndani ni giza tu. Akatupa mayai moja moja, baridi kama mawe, anasikia zinapasuka kule chini. Nyuma ya kutupa ile ya mwisho, watoto ya kuku wakaanza kulia mule gizani, pyo, pyo, pyo, wengi sana.

Akapiga magoti. «Ni miye,» akaambia shimo. «Ni miye niligeuza buto. Ornella hana kosa.»

Ikawa kimya. Kisha pyo moja, karibu, ndani ya mufuko. Akaingiza mukono. Mufuko ilikuwa tupu, lakini mule ndani kulikuwa joto, kama chini ya kuku yenye kulalia.