Kokoto Zilizong'aa Kupita Kiasi

Naomba wasomaji wote wasimame. Mimi, Nestory wa kidato cha kwanza, Kamanda Mkuu wa Usafi, natangaza rasmi kwamba uchafu umeshindwa shuleni kwetu Buhongwa. Sasa kaeni. Cheo hicho nilijipa mwenyewe nikisugua vyoo, adhabu ya kuificha kengele ya kuamshia.

Kwetu bwenini, Jumamosi ni siku ya ukaguzi. Hata mawe ya kando ya njia hupakwa chokaa. Jumamosi ile nilipangiwa tangi la sato. Maji yake hupandishwa kwa pampu, hupita kwenye pipa la kokoto, hulinywesha tuta la mchicha, kisha huwarudia samaki. Kokoto zilikuwa na ute wa kahawia unaotia kinyaa. Nilizimwagia dawa ya choo, nikazisugua na kuzisuuza hadi zikang'aa kama meno ya mgombea kwenye bango. Matroni alinisifu bila kuuliza nilitumia nini.

Siku chache baadaye Paskazia, mlezi wa samaki, aliingia darasani mbio.

"Jamani, sato wanahema juu ya maji! Wawili wamekufa!"

Tulikimbilia kwenye tangi; maji yalinuka kama mkojo. Mwalimu Sabina wa biolojia alichovya karatasi ya kupimia, ikageuka kutoka njano hadi kijani.

"Amonia imezidi. Paskazia, umewalisha kupita kiasi?"

"Hapana, Madam. Nawapa konzi moja tu."

"Kwa sasa ndoo ya chakula ashike Kija."

"Muuaji wa samaki!" Kija, mwenzetu wa darasa, akamnong'oneza Paskazia.

Paskazia aliikumbatia ndoo kama ananyang'anywa mtoto. Nikaikumbuka dawa ya choo. Nikaamua kunyamaza. Sato mwingine akageuka tumbo juu.

"Madam," nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "huenda mtu fulani ameziosha kokoto kwa dawa ya choo."

Alifunua pipa, akashika kichwa. "Ule ute ulikuwa hai! Ni bakteria. Wanageuza amonia inayotoka kwa samaki kuwa nitrati, chakula cha mchicha. Wengine huozesha majani, kaboni yake ikarudi hewani, mimea ikaivuta tena. Wakifa hao, kila kitu kinasimama. Paskazia, nani aliosha?"

"Sijui, Madam."

Hakuna aliyemwamini.

Tulibadilisha maji, tukaacha kuwalisha, tukaomba kokoto zenye ute kwa Mzee Ngosha, mfugaji jirani. Kila alfajiri niliwahi kengele kuchungulia tangi.

Jumamosi moja karatasi ilibaki njano. Sato walikuwa wamerudi kuogelea chini. Tukashangilia, sote tukiwa na nguo za kazi.

"Si kila kinachonata ni uchafu," alisema Mwalimu Sabina. "Kabla ya kukiua kitu, uliza kinafanya kazi gani. Na ukikosea, sema mapema. Samaki hawawezi kukungojea." Akanigeukia. "Nestory, ulijuaje kuwa ni dawa ya choo?"

"Nilikisia, Madam."

"Na suruali yako nayo ilikisia?"

Nikainama. Suruali yangu ya kazi, ninayoivaa Jumamosi tu, ilikuwa imechujuka kwa dawa, madoa meupe kuanzia magotini hadi chini. Kamanda Mkuu akatoa tangazo fupi kuliko yote.

"Ni mimi, Madam. Paskazia, nisamehe. Niliogopa."

Paskazia aliichukua ndoo mikononi mwa Kija, akanisukumia.

"Utaibeba wewe, mimi nitalisha. Kesho kengele ikilia tu. Na iwepo."