Mama Hapokei Simu

"Dada, usimsikilize huyo! Muulize kwanza, anakuuzia simu au anakuuzia nembo?"

Fundi alisema hivyo bila kuinua macho kwenye simu aliyokuwa ameifumua mezani, bisibisi vidoleni. Mteja, mwanamke mwoka mikate mwenye unga kwenye kiwiko, alikuwa amesimama koridoni katikati ya maduka mawili, shingo ikienda huku na huku.

Mlango wa ng'ambo ya korido, hatua kumi hivi, kijana mrefu alikunja mikono na kucheka. Jengo zima lilimwita Tufaha, maana tangu afungue duka hakuwahi kuuza simu nyingine ila iPhone, zile zenye nembo ya tufaha.

"Mimi nauza usingizi, dada. Nunua hii leo, miaka inapita bado inapata masasisho ya programu. Wewe oka mikate yako, simu itajitunza yenyewe."

"Na Android ni chaguo lako mwenyewe," Fundi akadakia. "Unataka kubwa, ipo. Ndogo, ipo. Ya bei ya chini, ipo. Ndani unapanga unavyopenda. Ya huyu bwana ni nyumba ya kupanga, mwenye nyumba hataki hata upigilie msumari."

"Lakini haivuji!"

"Kwani yangu inavuja? Yangu ina madirisha tu, baba, mtu apumue."

Mwoka mikate alicheka hadi akaegemea ukuta. "Nyie wawili mmeoana?"

Ghafla kila mmoja akapata kazi ya kufanya. Tufaha alianza kufuta kabati la vioo lililokuwa safi tangu asubuhi. Fundi akaipulizia vumbi simu isiyokuwa na vumbi.

Hawakuwa wameoana. Walikuwa wapenzi, mwaka sasa, na korido nzima ilijua ingawa wao walidhani wanaficha. Kilichowakwamisha ni mama yake Tufaha.

Mama huyo alikuwa mshonaji aliyestaafu, mjane, akiishi peke yake upande wa pili wa mji. Miezi mitatu nyuma alimwambia mwanawe kuna binti wa rafiki yake, mtoto ametulia, amtazame. Tufaha akajibu, "Mama, nina mtu wangu." Mama akasema, "Haya," na mazungumzo yakaishia hapo. Wiki hiyohiyo Tufaha alimpelekea zawadi ya iPhone mpya, ya kioo kikubwa. Tangu siku ile mama hapokei simu. Ujumbe haujibiwi. Akimtembelea Jumapili anapewa chai na kuulizwa habari za kazi, lakini akigusia simu anaambiwa, "Ilikuwa kabatini, mwanangu," kisha yanaletwa mengine.

"Hanitaki," Fundi alimwambia jioni moja wakifunga maduka. "Sema tu."

"Hajasema hivyo."

"Hajasema chochote. Mtu anayekutaka hakai miezi mitatu bila kukujibu."

"Nimeshamwandikia kila kitu. Tumpe muda."

"Nimempa, mpenzi wangu. Ila na mimi nina umri, si kwamba nimesimama kwenye chaji."

Alicheka alipolisema hilo, lakini alipofika nyumbani lilimuuma.

* * *

Kila Alhamisi Tufaha alikwenda kuchukua mzigo wa simu na kurudi alasiri. Alhamisi moja asubuhi, mwanamke wa makamo, nguo imekaa mwilini sawasawa, aliingia kwa Fundi akipitisha kiganja kwenye fremu ya mlango.

"Shikamoo, mama. Karibu, kiti kipo hapo."

"Marahaba, mwanangu. Yule wa duka la mbele yupo?"

"Hayupo leo."

"Afadhali." Mama akaketi, akatoa iPhone iliyofungwa kwenye kitambaa. "Hii imenishinda. Nimesikia wewe unauza hizi nyingine, za kawaida. Nipe hiyo."

Fundi akaona mteja mtamu kaja mwenyewe, mchana kweupe, akiikimbia iPhone. Alinyoosha mkono kwenye rafu, kisha akasita. Mama alikuwa ameinua simu yake hadi ikakaribia kugusa pua.

"Mama, samahani. Unaniona vizuri?"

"Nakuona kama uko nyuma ya pazia."

"Tangu lini?"

"Tangu niache kutunga uzi kwenye sindano. Mwaka na kitu."

Fundi alivuta kiti akakaa karibu. Akaiweka Android yake na iPhone ya mama ubavu kwa ubavu mezani, akawasha kwenye zote mbili sauti ya kusoma kioo.

"Gusa mara moja, inakwambia umegusa nini. Gusa mara mbili, inafungua. Jaribu yangu kwanza. Sasa jaribu yako."

Mama alijaribu moja, akajaribu nyingine. Vidole vilivyoshona kwa miaka thelathini havikuhitaji kuelekezwa mara ya pili.

"Mbona zote zinasema?"

"Zote zinasema, mama. Zinatofautiana kidogo kwenye kuburuta kidole, basi. Kwa shida yako, zote zinafaa. Sasa nikuuzie ya pili ya nini, na ya kwanza unayo? Tena hii..." Fundi akaitupia jicho rafu yake. "Hii ni simu nzuri sana."

"Si wewe unayeuza hizo nyingine?"

"Ndiye mimi."

"Na biashara utaiweza hivyo?"

Wakacheka wote wawili. Walipoagana, mama alikuwa anaweza kufungua simu, kusikiliza saa na kuizima. Kupiga bado.

* * *

Alhamisi iliyofuata alirudi na ombi.

"Kuna ujumbe umejaa humu. Mambo ya mwanangu. Sauti ya simu inakimbia, inanivuruga. Nisomee wewe."

Fundi alifungua, na kwenye picha ndogo ya mtumaji akamwona Tufaha akitabasamu. Meno yaleyale.

 Alitaka kusema, lakini mama alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa kusikiliza, mikono mapajani. Fundi akaanza kusoma:

*"Mama, naandika kwa sababu uso kwa uso nashindwa. Yule niliyekwambia ni fundi wa simu. Ana mikono mizuri na mdomo mkali. Kila siku ananishinda kwa maneno mbele ya wateja wangu, na mimi nikifika nyumbani nacheka peke yangu. Naomba umwone kabla hujamkataa."*

"Endelea."

*"Mama, mbona kimya? Kama humtaki niambie. Nitakuheshimu, lakini sitaoa mwingine..."*

Hapo Fundi aliacha kusoma, akajifuta machozi. Alijua anapendwa, lakini hakujua kwamba kuna mtu amemwandika namna hiyo.

"Fundi wa simu," mama alisema taratibu. "Kwenye jengo hili mafundi wa simu wa kike mko wangapi?"

"Mmoja, mama."

Mama alimgeukia, akautafuta uso wake kwenye ule ukungu bila kuupata. Kisha akaanza kucheka, mabega yakitikisika, hadi akatoa kitambaa kujifuta.

"Yaani nilikuja kumkimbia mwanangu nikaangukia mikononi mwa mkwe!"

"Kwa hiyo... hukunikataa?"

"Nikukatae vipi na sijasoma hata herufi? Yeye alisema 'nina mtu wangu' akafunga mdomo. Nikawa nasubiri aseme zaidi. Kumbe mwenzangu anaandika!"

Fundi alishindwa kujizuia, akamshika mikono. "Mama, mwambie kuhusu macho. Leo."

Kicheko kikaisha. "Hapana. Baba yake alipougua, huyu mtoto aliacha chuo, akamuuguza miaka miwili hadi tukamzika. Akijua sioni atafunga duka aje kukaa na mimi. Simtaki tena kwenye kazi hiyo. Niahidi hutasema."

"Mama, ananiuliza mimi kila siku kwa nini hupokei."

"Niahidi."

Fundi akafikiri. "Nakupa Alhamisi moja tu. Ukishaweza kupiga, simu ya kwanza ni kwake, na unamweleza. Ukikataa, nitasema mwenyewe."

"Mdomo mkali kweli," mama akasema. "Haya."

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Tufaha alikuja na vikombe vya chai kama kawaida, akauliza kama kawaida, "Hivi nimemkosea nini mama?" na Fundi akageuzia uso kwenye lenzi ya kukuzia. Hakuwahi kumficha kitu. Chai yenyewe ilipoa mezani.

* * *

Alhamisi ya tatu mzigo ulichelewa kufika, na Tufaha akaambiwa aje kesho. Akarudi saa nne asubuhi. Fundi alisikia hatua koridoni akazijua, lakini alikuwa ameshika kidole cha mama juu ya kioo na hapakuwa na pa kumficha mtu.

"Mama?"

Tufaha alisimama mlangoni.

"Simu zangu hupokei. Ujumbe hujibu. Na huku unakuja?" Alimtazama Fundi. "Unamjua huyu ni nani?"

"Namjua."

"Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi iliyopita."

"Wiki nzima! Nimekuuliza hapa, kwenye meza hii, nimemkosea nini mama yangu. Ukanyamaza."

"Nilikuwa nimeahidi..."

"Uliahidi! Sawa." Akacheka kicheko kikavu. "Kumbe nyinyi mko pamoja, wa nje ni mimi."

Akavuka korido, akaingia dukani kwake na kushusha pazia la chuma nusu. Fundi alibaki ameshika meza. Akachukua simu yake, akaandika: *"Naomba unisikilize dakika moja tu."*

Jibu likaja: *"Sio leo."*

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Hataki."

"Mimi ndiye niliyewachanganya." Mama aliketi wima. "Usinishike kidole. Niache."

Aligusa kioo. Simu ikataja saa. Akagusa tena, ikataja picha. "Siyo hiyo," akaiambia kwa ukali, kama anavyomwambia mwanafunzi wa ushonaji. Akaburuta kidole polepole. Simu ikasema jina la mwanawe. Mara mbili, haraka.

Hatua kumi kutoka pale, nyuma ya pazia la chuma, simu ikaanza kuita.

Iliita mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu ikapokewa, na sauti ya Tufaha ikatoka sehemu mbili, kwenye simu na koridoni.

"Mama? Si uko hapo mbele? Mbona unanipigia?"

"Nimepiga ili ujue naweza. Ni simu yangu ya kwanza tangu uninunulie."

"Sielewi."

"Mwanangu, sioni. Macho yamefunga ukungu. Nilikuwa sijui simu inapoitwa nibonyeze wapi. Ujumbe wako sikuusoma hata mmoja."

Nyuma ya pazia kiti kikaburuzwa.

"Na huyu binti nilimjia nikitaka aniuzie simu ya aina yake. Alikataa. Alinikalisha hapa akanifundisha yako, akaisifia mbele yangu huku roho inamuuma, nilimsikia. Halafu akanisomea barua zako, akalia. Aliniambia nisipokwambia leo atakwambia yeye. Kama kuna wa kununiwa, ninunie mimi. Tena siku nyingine ukiwa na neno, sema! Mdomo umeutia kufuli?"

Pazia la chuma likapanda kwa kishindo. Tufaha aliingia, simu bado sikioni, akapiga magoti mbele ya mama yake na kuutazama uso wake kwa karibu, kama mtu anayeuona upya. Akapunga mkono mbele ya macho yake. Yalichelewa kufuata.

"Jumapili zote zile," alisema. "Ulikuwa unanimiminia chai bila kuona kikombe."

"Nilikuwa natia kidole. Ulikunywa kidole changu."

Alicheka na kulia kwa pamoja, kichwa mapajani kwa mama. Alipoinuka alimgeukia Fundi, ambaye alikuwa akipanga bisibisi zilizopangika tayari.

"Nilisema vibaya."

"Ulisema vibaya sana."

"Nisamehe."

"Mimi pia nilipaswa kukwambia siku ileile. Nimekonda wiki moja."

"Eti ni kweli uliisifia iPhone?"

"Sina la kusema bila mwanasheria wangu."

* * *

Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba ameiva lakini hakuna kilichoharibika. Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji baada ya wiki mbili. Tufaha hakufunga duka. Asubuhi alipompeleka mama hospitali, Fundi alihudumia maduka yote mawili, na inasemekana siku hiyo aliuza iPhone mbili bila kuzitia dosari hata moja.

Kesho yake ilikuwa siku ya kutoa bandeji. Mama akaomba wote wawili wawepo. Muuguzi alibandua plasta taratibu, akasafisha, akasema, "Fungua polepole."

Mama akafungua. Aliangalia dirisha kwanza, kisha mikono yake, akaigeuza mbele na nyuma. Akamwangalia mwanawe.

"Umeota mvi, wewe."

"Ni moja tu, mama."

"Ni tatu. Sogea, unanikinga."

Tufaha akasogea. Nyuma yake alikuwa amesimama Fundi, amejipaka mafuta, gauni la kijani, mikono haijui iende wapi. Hakuwahi kuogopa hivyo mbele ya mteja yeyote. Mama huyu aliijua sauti yake, aliijua mikono yake, lakini uso wake hakuwahi kuuona.

Mama alimtazama muda mrefu. 

"Njoo," akasema hatimaye.

Fundi akasogea. Mama akamshika kidevu, akakielekeza kwenye mwanga, akamkagua kama nguo iliyotoka kushonwa.

"Mshono mzuri," alisema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Wewe unasubiri nini? Au utamwandikia?"

Tufaha alivuta pumzi, akaifuta mikono kwenye suruali. Safari hii alitamka, kwa sauti, mbele ya mama yake, muuguzi na mgonjwa wa kitanda cha pili:

"Naomba unioe. Yaani, nikuoe. Tuoane."

"Amechanganya," mgonjwa wa kitanda cha pili akanong'ona.

"Nimemwelewa," Fundi akasema, machozi yakimlenga. "Ndiyo. Nakubali."

Mama akapiga makofi, muuguzi akamkataza asitikise kichwa, naye akaendelea kupiga makofi akiwa ametuliza kichwa, huku akiwatazama.