Mfuko Uliojazwa Mapema

Harufu ilirudi pale pale, kitanda cha dirishani. Kali, ya kuchoma pua, kama dawa ya kutoa madoa. Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto mahututi akasonya. Mchana kweupe, sakafu imepigwa deki, na hakuna aliyefungua chupa yoyote!

Kitandani alikuwa mtoto wa mdogo wake wa tumbo moja, kichanga ambaye mapafu yake yaligoma kufanya kazi. Mashine ilimpumulia, na hewa yake ilichanganywa na gesi kidogo ya kulegeza mishipa ya mapafu. Kwenye mashine alitulia vizuri tu. Lakini kila walipomtoa ili wamvute makohozi, wakimpumulia kwa mkono kwa mfuko laini wa mpira uliojazwa mchanganyiko ule ule wa hewa na gesi, midomo ilimgeuka rangi ya jivu.

"Dada, kuna kitu hapo," mdogo wake alinong'ona, amemshika mkono. "Kinamkaba mwanangu."

"Usianze."

"Mama mkwe anasema ni jini."

"Mwambie basi aje alitoe, maana mimi nimechoka!"

Kuchoka kweli alikuwa amechoka. Fundi wa mashine alishaitwa mara nyingi mpaka akawa anaingia na uso wa kununa. Alifungua, akafunga, akajibu yale yale.

"Mashine nzima, Sista."

"Mashine nzima na mtoto anakufa! Nimwambie nini mama yake?"

Fundi akakusanya vifaa vyake, akaondoka. Daktari wa zamu aliyebaki hakutazama mashine. Aliutazama mfuko, umening'inia kando ya kitanda, umejaa, mdomo umebanwa.

"Huu umejazwa saa ngapi?"

"Asubuhi, kama kawaida. Hatutaki mtu ahangaike kuunganisha mabomba ya gesi mtoto akizidiwa."

Ilikuwa sifa ya wodi hiyo, na muuguzi mkuu mwenyewe ndiye aliyewafundisha wenzake. Daktari akalegeza mdomo wa mfuko, akanusa, akarudisha kichwa nyuma anakohoa.

"Gesi hii ikikaa na oksijeni inageuka sumu. Mashine inaipitisha mbio na kuipima. Humu imelala tangu asubuhi, na hakuna kinachoipima. Ukamue wote, ujaze upya, ndipo umpe mtoto."

Muuguzi alitamani ardhi ipasuke. Siku zote hizo alikuwa akigombana na fundi, kumbe sumu anaiandaa mwenyewe! Akaukamua dirishani, akaujaza upya, wakamvuta mtoto makohozi, na mara hii midomo haikubadilika. Mdogo wake akalia kwa sauti.

"Haya, jini lenu limetoka," daktari alisema, akamrudisha mtoto kwenye mashine. "Mfuko huo tupa, tutachukua mpya."

Muuguzi akauchomoa kwenye gesi, akaufinya ukanywea, akauweka mezani.

Ukajaa.

Akadhani ni upepo, akafunga dirisha, akaufinya tena kwa kiganja, na harufu ile ikampanda puani kali kuliko mwanzo, na mfuko, usiounganishwa na bomba wala gesi yoyote, ukaanza kusukuma kiganja chake polepole, ukipanda na kushuka, mpaka alipogeuza macho kitandani akaona kwamba ulikuwa ukipanda pamoja na kifua cha mtoto, na kwamba pale alipoukandamiza, kifua nacho kililala kimya ingawa mashine iliendelea kusukuma hewa.

Akaachia upesi. Kifua kikapanda.

"Dada, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mdogo wangu. Kaa hapo."

"Sista," daktari akasema bila kugeuka, "si nimesema utupe?"

Muuguzi alikuwa ameukumbatia mfuko kwa mikono miwili, taratibu, asije akaubana.

"Siwezi, daktari," alinong'ona. "Atakufa."