Maji ya Njombe Yagoma Kuchemka

Kila asubuhi Oktavia, mwanafunzi wa kidato cha tatu mjini Njombe, alibandika maharage kabla hata ya kunawa uso. Maharage ya huko yana maringo, hayaivi upesi. Hewa ya milimani husukuma kidogo, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 93 tu. Jambo hilo ndilo alilotaka kulionyesha kwenye maonyesho ya sayansi Makambako. Lakini hesabu yake isipomridhisha Mwalimu Lidia jioni ile, safari hana.

Maabarani, sufuria ikitokota, Oktavia aliingiza 93 na 100, nyuzi za kuchemka za Njombe na za pwani, kwenye mlinganyo wa kukadiria kanieneo ya mvuke, yaani nguvu ya mvuke kusukuma. Maji huchemka mvuke unapofikia nguvu ya hewa. Baromita ilionyesha kuwa hewa ya Njombe ni asilimia 78 ya ile ya pwani. Mvuke wa hesabu yake ukatoka asilimia mbili na nusu! Kwa mvuke mnyonge hivyo, maji yasingetoa hata povu moja. Na sufuria ilikuwa ikirusha kifuniko.

"Andika sabini na nane, dada," alinong'ona Jastin, mwenzake wa kikundi. "Majaji watajuaje?"

"Wakiniuliza nimeipataje?"

"Cheka. Una meno mazuri."

Oktavia alicheka kweli, kisha akaenda kwa mwalimu. "Shikamoo, Mwalimu. Hesabu yangu inagombana na sufuria."

"Marahaba. Wewe uko upande wa nani?"

"Wa sufuria."

"Basi kila namba iulize kipimo chake."

Oktavia aliziuliza moja moja. Alipofika kwenye namba isiyobadilika ya gesi, iliyomo ndani ya mlinganyo, akapiga kelele, "Hii inataka kelvini! Mimi nimeipa selsiasi!"

Akaongeza 273 kwenye kila joto: 366 na 373. Kikokotoo kikatoa asilimia 78. Jastin akakuna kichwa.

Kwenye maonyesho ya Makambako, jaji alimtega. "Mama, hapa ni chini kuliko kwenu. Maji yatachemka nyuzi ngapi?"

Oktavia alisoma baromita, akakokotoa kwa kelvini, akarudisha kwenye selsiasi. "Tisini na nne, au zaidi kidogo."

Kipimajoto kikapanda, kikasimama hapo hapo. Watu wakapiga makofi.

"Mmeona?" Mwalimu Lidia aliwaambia wote wawili. "Kosa lililofichwa lisingeweza kujibu swali lile. Jibu likikataa, msilipake poda. Litazameni usoni, mtafute lilipoharibika."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Jastin, akaenda kuzima jiko bila kuambiwa.