Kata Kwenye Koili

Kila Jumatano baada ya sala ya adhuhuri, klabu ya sayansi hubaki skulini na Mwalimu Saada. Muhula huu walikuwa wakitengeneza koili ya umeme mkubwa: bomba refu lililozungushiwa waya mwembamba wa shaba, linalorusha cheche hewani. Kilichobaki ni kuchagua kichwa chake, kile cha juu kinachotoa cheche, kisha koili ipelekwe kwenye maonyesho ya Chake Chake.

Yussuf, kiongozi wa klabu, alileta tufe la bakuli mbili za chuma. Kazija wa Mgogoni alileta kata ya bibi yake, ile pete ya kitambaa wanayoweka wanawake kichwani wakijitwika ndoo, akaivika karatasi ya alumini. Yussuf alicheka mpaka akakohoa.

"Hiyo si ya sayansi, ya kisimani hiyo."

Wiki iliyofuata Kazija alikuta ubaoni, kwa mwandiko wa Yussuf: "Tufe, cheche ndefu. Kata, haifai." Moyo ulimchemka. Kata yenyewe imo mkobani mwake, haijagusa koili hata mara moja!

"Wee Yussuf, kata umeijaribu lini, nami nimelala nayo nyumbani?"

"Kwani lazima? Kitu kinajulikana."

Kinajulikana na nani? Na wenzake walikuwa wameinama wakinakili uongo ule. Kazija alimwendea Mwalimu Saada.

"Mwalimu, kushindwa nakubali. Kushindwa bila ya kushindana sikubali."

Mwalimu akawasimamisha wote nyuma ya kamba, akawasha umeme mwenyewe. Tufe likarusha cheche ndefu. Kata ikatoa vicheche vifupi, huku na huku, na Yussuf akatabasamu. Kazija akaikazia macho kata yake kwa uchungu.

"Mwalimu, umeme unavujia kwenye makunyanzi ya karatasi."

Mwalimu akazima koili, akauchomoa waya wake wa umeme. Kazija akaisugua karatasi kwa mgongo wa kijiko mpaka ikalainika. Mwalimu akawasha tena. Safari hii ikachomoka cheche moja, ikaipita ile ya tufe kwa shubiri nzima.

"Basi nimekosea, Mwalimu," alisema Yussuf.

"Hujakosea. Anayekosea ni aliyejaribu. Wewe umesema uongo, na hata tufe lingeshinda, maneno yako yangebaki kuwa uongo. Muombe radhi mwenzako, kisha futa ubao uandike ulichokiona kwa macho yako."

Yussuf akaomba radhi, akachukua dasta. Kazija aliipokea radhi, lakini hakukaa mpaka neno la mwisho lilipofutika.