Injini Isiyokunywa Maji

Jioni ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 1986, nilitoka nyumbani kwangu Atbara, mji wa reli wa Sudan, kwenda kununua spiriti ya kibatari. Jua lilikuwa limebakiza kama nusu saa kuzama. Mwenye duka, Awadalkarim Hasab, alinicheka huku akinipimia.

"Fundi Bashari, nasikia unaunda treni ya makopo. Utatupakia sote?"

"Nipimie, Awadalkarim. Sina muda."

"Basi niwekee kiti cha dirishani."

Nikalipa, nikaondoka. Mke wangu, Sittana binti Elamin, alikuwa na homa siku ya sita. Daktari alikuwa amemdunga sindano zote alizokuwa nazo. Ndipo dada zake walipomleta Shekha Batul, mpunga pepo wa zari. Pepo wa zari huomba vitu: kanzu nyekundu, pete, chupa ya pombe. Huyu aliyempanda mke wangu alikuwa wa Kizungu, na hakutaka pete. Alitaka injini isiyokunywa maji, tena izunguke. Alitoa siku tatu. Ya tatu ilikuwa inaisha kwa adhana ya isha. Isipozunguka, angeondoka na Sittana.

Mimi nilisoma shule ya ufundi ya Waingereza, kisha nikafanya kazi miaka thelathini na miwili kwenye injini za mvuke za reli. Sikuamini. Lakini niliijua injini aliyoitaka. Hupashwa moto chini, hupozwa juu, na hewa iliyofungwa ndani hutanuka na kusinyaa, ikiisukuma pistoni. Niliiunda kwa makopo mawili ya samli, njiti za baiskeli na gurudumu dogo. Siku mbili haikuzunguka hata mara moja.

Niliporudi, Shekha Batul alikuwa ameketi kando ya kitanda cha kamba, uvumba ukifuka. Nilitazama kipimajoto. Arobaini na nusu.

"Bado?" Shekha alinong'ona.

"Bado."

Nikawasha kibatari. Nikasubiri kopo lishike moto, nikalisukuma gurudumu kwa kidole. Likaenda nusu... likarudi... likasimama.

Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio yote. Hapakuwa na uvujaji. Nikapima pembe kati ya mikono miwili ya ekseli. Nyuzi tisini kamili. Kopo la ndani, linalohamisha hewa kutoka kwenye moto kwenda kwenye baridi, halikugusa ukuta popote. Nikachota maji baridi mtungini, nikabadilisha yale ya kupozea kopo kwa juu. Nikasukuma tena.

Nusu... likasimama.

Magharibi ilikuwa imepita, sikuisali. Pumzi za Sittana zilikuwa fupi, kama za mtu anayepanda ngazi. Nilimwomba Mungu. Kisha, kwa aibu, nikamwomba na yule mwingine.

Harufu ya uvumba ikakatika.

Mahali pake ikaja ya makaa ya mawe, ambayo sikuwa nimeinusa tangu ujanani, kabla injini zetu hazijaanza kuchoma mafuta.

"Umeifunga pamba."

Sauti ilitoka kitandani. Ilikuwa ya Sittana, lakini taratibu, kama ya mwalimu aliyechoka.

"Pistoni. Umeizungushia pamba na grisi, kama ya mvuke. Mvuke una kifua. Hewa haina. Fungua."

Mke wangu hakuwahi kutia mguu karakana. Na nilikuwa nimefanya hivyo hivyo. Fundi yeyote wa reli huivisha pistoni pamba iliyolowa grisi, bila kufikiri, kama anavyofunga kilemba chake. Pamba ile ndiyo iliyokuwa ikiibana.

"Nani mwenzangu?" niliuliza.

"Fungua, Bashari Idris Satti."

Nikaitoa pamba. Nikafuta grisi mpaka bati likakauka, nikapaka unga wa risasi ya penseli. Nilipokinyooshea mkono kibatari, Sittana alifungua kiganja chake.

"Zima hicho. Weka hapa."

Nikazima, nikaiweka injini kiganjani mwake.

Tiki... tiki... tiki-tiki-tiki...

Injini ya makopo ya samli haiwezi kwenda kwa joto la kiganja. Nalijua hilo kama ninavyolijua jina la baba yangu.

Gurudumu lilizunguka. Nikakikung'uta kipimajoto, nikampima. Thelathini na tisa. Nikakikung'uta tena. Thelathini na saba. Nilitaka kulia kwa furaha. Shekha Batul akanishika kifundo cha mkono.

"Usiiguse. Anatoka."

Nikapima tena. Thelathini na sita. Midomo ya Sittana ikawa rangi ya majivu.

Tiki-tiki-tiki-tiki...

Safari hii zebaki haikufika hata alama ya kwanza, thelathini na tano.

"Bashari, muache atoke," Shekha alinong'ona.

"Nani anatoka?"



Nikalishika gurudumu.

Kimya. Kisha adhana ya isha. Sittana akafumbua macho, akanitazama kwa muda mrefu.

"Mbona umelisimamisha? Nilikuwa nimebakiza hatua moja."

Asubuhi daktari alisema malaria huisha hivyo, kwa jasho na baridi ya ghafla. Huenda. Shekha Batul alikusanya vyetezo vyake na hakukanyaga tena kwetu.

Tumeishi pamoja miaka kumi na saba tangu siku hiyo. Anapika, anasali, anawatania dada zake. Sina la kumlaumu.

Ila sijui usiku ule nilimzuia nani asitoke, na sijaweza tena kumwita Sittana. Namwita "wewe" tu, naye huitika.