Mnara Usio na Ndani

Ningekuwa mimi, ningekimbia mapema na kisa kisingekuwapo. Lakini yalimpata rafiki yangu Dénes, bingwa wa dharau, jioni moja ya Novemba, alipokuwa akitembea na mkewe Ilka katika bustani ya mtindo wa Kiingereza, msitu uliopandwa na mabwana wa zamani ili uonekane wa asili. Kwa uvivu wake akamfungua mbwa wao kamba, na mbwa akapotelea mitini.

"Umemfungua Mazsi? Mbwa ambaye hata mimi niliyemlea hanisikii? Haki ya Mungu, usipompata utalala humu humu!" Ilka akafoka.

Wakatafuta, Dénes akibeza kila kitu: ziwa la kuchimbwa kwa majembe, kilima cha udongo ulioletwa kwa mikokoteni, na mnara uliojengwa ukiwa gofu tangu siku ya kwanza.

"Ni kama kijana kung'oa meno ili aitwe mzee!"

Mnara huo haukuwa na ndani. Ulikuwa umejaa mawe mpaka katikati, na mlango wake umechorwa tu ukutani. Giza lilikuwa limeshuka. Dénes akaugonga mlango ule kwa ngumi.

"Hodi, bwana mkubwa! Hujamwona mbwa wetu?"

Mazsi akabweka. Ilka akatega sikio ukutani, akamshika mumewe mkono. Sauti ilitoka ndani ya mawe.

"Mwite," Ilka akanong'ona.

"Mazsi! Njoo!"

Mbwa akalia kwa furaha, makucha yakikwaruza upande wa pili. Kisha humo ndani mtu akasema, taratibu, "Shhh."

Na Mazsi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akatii.